Kumshauri Mama Mkwe kwa Kiingereza

Tuanze na hili: Mutunga wa Kwa Vonza hakuwa bubu. Baada ya yale yaliyotokea, watu wa kiwandani walivumisha kwamba mtu yule hakujaliwa ulimi, na watu wakishaanza kusema hawana breki. Uongo mtupu! Alianza kuuza mbuzi soko la Mwingi kabla hajaota ndevu, akibishana na wanunuzi wa malori hadi sauti inamkauka, na mtu aliyewahi kuuza mbuzi Mwingi humwiti bubu. Ulimi alikuwa nao. Ni mtu mmoja tu duniani ambaye hakuweza kumsemesha, na huyo mmoja ndiye aliyehitaji kusemeshwa.

Aliacha mbuzi, akavuka kutoka Kitui kuja Makueni kutafuta kazi ya mshahara, akaipata kwenye kiwanda kimoja cha kukausha maembe chini ya milima ya Mbooni. Alianza kwa kubeba kreti mgongoni. Akabeba, akabeba, akapanda cheo pole pole mpaka akavishwa koti jeupe na kuitwa supavaiza wa upande wa mashine. Katikati ya hayo yote alioa. Alimwoa Mwongeli, binti wa Mbooni kule juu, msichana wa kucheka kwa sauti, na wakapanga nyumba ya vyumba viwili karibu na kiwanda. Mpaka hapo maisha yalikuwa yanaenda vizuri, hakuna aliyelalamika.

Sasa, kwenye mashine ya kukata maembe, mashine ile ile ambayo Mutunga alipewa kuisimamia, mfanyakazi wa siku nyingi kuliko wote alikuwa Kavindu. Na Kavindu ni nani? Ni mama yake Mwongeli. Mama mkwe wake, mzima mzima!

Mkamba akisikia hivyo anaanza kukuna kichwa mara moja. Iko kitu kinaitwa nthoni. Mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawasemeshani ana kwa ana, hawashikani mkono, hawaitani kwa majina. Wakikutana kwenye njia nyembamba mmoja anaingia kando, anageukia ua mpaka mwenzake apite. Siku hizi watu wameokoka, wana simu, wanakaa mjini, na wengi nthoni wameilegeza, wanakula meza moja na mama mkwe na kupiga naye picha. Kavindu hakulegeza hata uzi mmoja. Alikuwa mjane, mwembamba, mwimbaji wa kwaya, na kila asubuhi aliteremka kutoka Mbooni kwa boda boda akimfokea dereva kila kona. Wokovu ulikuwa wake, na nthoni ilikuwa yake, na hakuona vikigombana. Mutunga naye aliishika kwa mikono miwili. Alilelewa hivyo, na ukweli usemwe, alimpenda mama huyo na kumheshimu, na hiyo ndiyo njia aliyofundishwa ya kuonyesha heshima.

Sasa mtu atasimamiaje kazi ya mtu ambaye hawezi kumtazama? Walipata dawa. Dawa ilikuwa Syokau, mama mmoja mnene mcheshi aliyesimama pale pale kando ya Kavindu akimpokezea vipande. Mutunga alikuwa akija anasimama ubavuni, anatazama ukuta, anasema, "Syokau, mwambie mwenzako trei zimejaa." Na Kavindu, ambaye ungeweza kumgusa kwa kunyoosha mkono, anajibu, "Syokau, mwambie supavaiza nimesikia." Syokau anageuka kulia, anageuka kushoto, anarudia kila neno kwa sauti ya kuhubiri, na wanawake wa meza ya kumenya wanacheka mpaka visu vinawaanguka. Kazi ilienda. Ikaenda vizuri sana, jamani, kuliko mahali ambapo watu wanasemeshana kila saa.

Halafu akaja meneja mpya wa wafanyakazi, Bi Zulekha. Alikuwa mzaliwa wa Mwingi, binti wa duka la nguo, Kikamba anakijua na Kiswahili cha kwao ni cha kunyooka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuta masupavaiza wanawatukana watu, mwingine anamhamisha mama wa watu kutoka kazi nyepesi hadi kazi nzito kwa sababu ya chuki za kanisani, na wafanyakazi wazuri wanaondoka. Akaweka sheria mbili. Ya kwanza, hakuna mtu kuhamishwa mahali pake pa kazi kabla supavaiza wake hajamshauri ana kwa ana, Alhamisi, ofisini, yeye Zulekha akisikiliza. Ya pili, ushauri huo utolewe kwa Kiingereza.

"Kwa Kikamba nyinyi wote ni shangazi na mjomba," aliwaambia. "Kwa Kiswahili mnageuza kila kitu mzaha. Kwa Kiingereza kila mtu ni mfanyakazi tu."

Na akaanzisha darasa Jumanne baada ya kazi. Alichora ngazi ubaoni. Chini kabisa akaandika *might*, neno la kupitisha wazo kama hewa, mtu akilichukua sawa, akiliacha sawa. Juu yake *could*, la kumwonyesha mtu kwamba njia nyingine ipo. Juu tena *should*, la kusema ingekuwa vyema afanye hivyo. Na kileleni *must*, ambalo halina mjadala. Akawaonya kwamba hilo la kileleni wasimtupie mtu aliyewazidi umri, kwa sababu ni sawa na kumnyooshea kidole puani. "Anzeni chini," alisema. "Mtu mwungwana huanza chini."

Kavindu alilipenda darasa hilo ajabu. Alisoma mpaka darasa la saba tu, lakini Kiingereza chake alikuwa amekihifadhi kama sahani za wageni, na sasa akakitoa. Alikaa mbele, akarudia kila kitu. Mutunga alikaa nyuma kabisa karibu na mlango, na hata yeye alilipenda. Aliwaza kwamba kumbe kuna lugha ambayo haina mama mkwe ndani yake. Aliwaza kwamba siku moja, ikibidi, atajificha humo na kusema analotaka. Maskini.

Mwongeli ndiye aliyeleta habari ya macho. Alitoka kumtembelea mama yake Jumapili, akarudi bila kucheka.

"Mama hapati kuona," alimwambia mumewe. "Ametia chumvi kwa chai. Amenisalimia akadhani mimi ni jirani. Nimemuuliza, akasema ni moshi wa jikoni."

Kesho yake Mutunga alikwenda kazini akasimama mahali pake, akatazama ukuta kama kawaida, lakini kwa pembe ya jicho akaitazama mikono ya mama mkwe wake kwa mara ya kwanza. Mungu wangu! Mashine ile ni meza ndefu ya chuma yenye mdomo, na ndani ya mdomo visu vinazunguka. Kila mtu anapewa kipande cha ubao cha kusukumia maembe ya mwisho, ili mkono usikaribie. Kavindu ubao alikuwa ameuweka kando. Alikuwa akipapasa ukingo wa chuma kwa ncha za vidole mpaka anaupata mdomo, halafu anasukuma embe kwa vidole vyenyewe. Kwa ubao hangejua embe liko wapi. Aliongozwa na vidole.

Syokau aliliona hilo? Aliliona, na alikuwa akimsaidia mwenzake kimya kimya, akimsogezea, akimgusa kiwiko inapofaa. Lakini Syokau alikuwa mjamzito, na kabla ya mwezi kuisha akaenda kujifungua. Nafasi yake haikujazwa. Kavindu akabaki peke yake kwenye mashine, na Mutunga akabaki bila mdomo.

"Mwambie aache mashine," Mwongeli alimsihi. "Si wewe ndiye bosi? Aende meza ya kufunga pakiti, akae, apumzike."

"Mwambie wewe. Wewe ni mtoto wake."

"Nimemwambia! Unajua amenijibu nini? Amesema, kama kazi yangu ingekuwa mbaya, mkwe wangu angesema. Yuko pale kila siku, ananiona, na hajasema kitu. Kwa hivyo niko sawa."

Hapo ndipo roho ya Mutunga ilipoanza kukosa mahali pa kukaa. Alidhani kunyamaza kwake ni kunyamaza tu. Kumbe kila siku alipokaa kimya, mama yule alihesabu kwamba amepewa ruhusa. Kimya chake kilikuwa kikisema, na kilisema uongo.

Akajaribu njia za kando. Alibadilisha ratiba ya zamu, akamweka Kavindu kwenye pakiti kwa siri. Bi Zulekha akaiona kabla ya chai. "Umemshauri?" akauliza. "Bado." "Basi mrudishe kwa mashine yake, na Alhamisi ulete ushauri wako." Angemwambia kuhusu macho? Neno lilimfika kooni. Lakini alijua kitakachofuata: Kavindu ataitwa mbele, atapimwa, atatolewa kiwandani kabisa, na atajua ni nani aliyekwenda kumsema nyuma ya mgongo wake. Mwongeli mwenyewe alikuwa amesema, tangu baba afe, kazi hii ndiyo inayomtoa mama kitandani. Mutunga akalimeza neno. Likabaki humo linamchoma.

Akapanda Mbooni kumwona Mwau, kaka yake Kavindu, mzee wa kanisa mwenye sauti nzito. Akamwomba aongee na dada yake. Mwau alimsikiliza, akanywa maji, akasema, "Mkwe, mambo ya kiwanda sisi hatuyajui. Wewe ndiye uko huko. Kama ni jambo la nyumbani, ningemwambia leo leo." Kisha akamwombea. Maombi marefu, yenye Israeli na jangwa ndani yake, na Mutunga akiwa amefumba macho aliona tu vidole kwenye ukingo wa chuma.

Basi ikabaki Alhamisi. Ikabaki Kiingereza.

Usiku hakulala, na mchana alitembea akiongea peke yake mpaka watoto wa jirani wakamcheka. Alijiandalia maneno. Aliamua atapanda ngazi moja kwa moja mpaka juu, liwe liwalo. *You must leave the machine.* Lazima uiache mashine. Alilisema kwenye choo, alilisema akifunga gambuti, alimwambia Mwongeli naye akamwitikia, "Hivyo hivyo! Usipindishe!" Kwa Kikamba maneno hayo yasingemtoka hata kwa kamba. Kwa Kiingereza yalitoka, yakasimama hewani, na hayakuwa na mama wa mtu yeyote ndani yake. Alianza kuamini.

Alhamisi ikafika. Ofisi ya Bi Zulekha ni ndogo, viti vitatu na dirisha moja. Kavindu aliingia amejifunika leso mpya, akaketi kiubavu akitazama dirisha. Mutunga akaketi kiubavu akitazama kabati. Bi Zulekha katikati, anatabasamu, kalamu mkononi. Mtu angepita angedhani watu hawa wawili wamegombana. Hakuna aliyegombana. Walikuwa wakiheshimiana, ndiyo shida.

"Karibu, Mutunga," Zulekha akasema. "Toa ushauri."

Mutunga alifungua mdomo. Akasikia jinsi mama mkwe wake anavyopumua. Hajawahi kuwa naye kwenye chumba kilichofungwa mlango, hata siku moja. Ngazi yote ikamporomoka akilini, akashika kitu cha kwanza kilichokuwa karibu na mkono, na kilikuwa cha chini kabisa.

"Madam," alisema, akiliambia kabati, "*you might... you could maybe rest a little. The packing table is also nice.*"

Yaani, labda. Yaani, ukipenda. Yaani, hata meza ya pakiti ni nzuri! Mwanamume mzima, aliyewatoa jasho wanunuzi wa Mwingi!

Kavindu alifurahi. Huwezi kuamini, mama alifurahi. Kwa mara ya kwanza mkwe wake amemsemesha bila kumpitia mtu, na amemsemesha kwa lugha safi, ya upole, ya kiungwana, bila kuvunja nthoni. Akanyoosha shingo akajibu kama alivyofundishwa Jumanne: "*Thank you, sir. I could rest, but I would like to work.*" Na Bi Zulekha akapiga makofi. Akasema hivyo ndivyo kazi inavyopaswa kwenda, ushauri umetolewa kwa heshima na umejibiwa kwa heshima. Mfanyakazi ameamua kubaki mahali pake. Jambo limekwisha.

Limekwisha! Mutunga alitoka nje. Alikuwa ameifanya hali iwe mbaya zaidi, na alilijua hilo kabla hajafika mlangoni. Zamani mama alikuwa na kimya cha mkwe wake tu cha kutegemea. Sasa alikuwa na maneno yake, mbele ya meneja, kwamba mashine ni sawa na pakiti ni sawa, achague.

Jioni Mwongeli alimuuliza, "Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Ukamwambia nini?"

Akainama kuvua gambuti. Mwongeli akageukia sufuria na mabega yake yakaanza kutikisika kwa kulia. Mutunga alimwahidi kwamba Alhamisi ijayo atasema. Aliapa kwa jina la mama yake mzazi. Mwongeli akasema, "Alhamisi ijayo," hivyo tu, akaendelea kupika.

Wiki hiyo maembe yaliingia kama yamefunguliwa lango. Msimu ulikuwa umepamba moto, malori yanapanga foleni mpaka barabarani, na mashine haikuzimwa hata saa ya chai. Mutunga hakuondoka tena upande ule. Alisimama hatua chache kutoka kwa mama mkwe wake kutwa nzima, akaacha wanaume wa kreti wafanye wanavyotaka. Alijiambia, nikiwa karibu, hakuna litakalotokea. Kana kwamba kusimama ni kusema.

Ilikuwa baada ya chakula cha mchana. Embe moja lilikwama mdomoni mwa mashine, visu vikaanza kukoroma. Kavindu alisikia mlio ule, akatafuta ubao wake, na huo ubao ambao hakuutumia siku zote, siku hiyo aliutafuta kwa kweli. Ukaanguka. Akainama akaupapasa sakafuni, huku, kule, asiupate, na ulikuwa mbele ya kiatu chake. Mutunga aliuona. Kitufe chekundu cha kuzima kilikuwa ukutani, nyuma ya bega la Kavindu. Kukifikia ilibidi ampitishie mkono mwilini. Kavindu akasimama. Akapapasa ukingo wa chuma, akaupata mdomo.

Hapa ndipo pa kulia. Mutunga alifungua kinywa, na alifungua mapema, wakati ulikuwepo. Angepiga ukelele wowote. Angesema "wee!" kama mtu anayefukuza kuku. Lakini ulimi wake ulikuwa umefunzwa kazi moja tu kwa mama huyu, na kazi hiyo ndiyo iliyotoka:

"*Excuse me, madam, you might want to...*"

Kavindu akageuza uso kidogo, kwa adabu, amsikilize supavaiza wake. Na mkono ukaingia.

Hapo ulimi ukafunguka. "Kavindu! Woi Kavindu! Kavindu!" Aliliita jina hilo ambalo hajawahi kulitamka hata kwa mkewe gizani. Alikipiga kitufe kwa ngumi, akamkumbatia mama mkwe wake kifua kwa kifua, akauvuta mkono, akararua koti lake jeupe akaufunga, akaketi naye kwenye maji ya maembe akimwita na kumwita, kwa Kikamba, akimwambia asilale, akimwambia yuko hapa, akimwambia kila kitu. Mashine zote zikazimwa. Wanawake wa meza ya kumenya walikuja mbio, wakasimama, na wengine wao wakajiziba macho. Hawakujiziba kwa sababu ya damu.

Kwenye pikapu ya kiwanda, njiani kwenda hospitali, kichwa cha Kavindu kilikuwa begani mwa Mutunga kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kukiweka. Mama akasema, kwa sauti ndogo, karibu ya mshangao, "Kumbe jina langu unalijua."

Vidole viwili havikuokolewa. Daktari alipomaliza na mkono alimulika macho kwa tochi ndogo, akauliza ni nani aliyekuwa akimruhusu mtu huyu kukaa kwenye mashine. Akasema ni mtoto wa jicho, kitu kinachotibika, na angeletwa mapema angekuwa anaona sasa hivi. Mutunga alitazama sakafu. Bi Zulekha alikuja jioni na mtandio wake umelowa machozi. "Mbona hukuniambia?" aliuliza, na alikuwa akiuliza kweli. "Ningekwambia," Mutunga akasema. Siku hizo hakuwa na maneno mengine. Ningekwambia, ningemshika, ningezima. Mwongeli akazoea kuyasikia usiku kucha.

Kavindu aliporudishwa nyumbani Mbooni, kuzunguka kitanda chake kulijaa watu wa kanisa na uji wa kila rangi. Mutunga alipanda na mkewe, lakini akabaki nje ya mlango kama inavyompasa. Ndani alisikia sauti nzito ya Mwau. Mwau alikuwa akieleza taratibu. Kwamba mkwe ameita jina, na amemshika mama mkwe mwilini mbele ya watu, na haijalishi kulikuwa na ajali ama hakukuwa. Nthoni ikivunjwa hutengenezwa. Mkwe atoe mbuzi, watu wakae, yaishe.

"Mbuzi nataka," Kavindu akasema. Wote wakamgeukia, maana alikuwa hajaongea siku nzima. "Na awe mkubwa. Lakini wewe Mwau usinitafutie kosa ambalo sikuliona. Kunishika si kosa. Kuniita si kosa. Mimi giza nimeanza kuliona tangu kabla ya krismasi. Nilijua. Kuacha mashine nilishindwa mwenyewe, niliogopa hii nyumba, niliogopa kukaa hapa nikihesabu kuku nisioona. Nikasema, kuna mtu mmoja ambaye hawezi kunisemesha. Siku huyo atakapovunja nthoni aniambie mama toka hapo, nitajua ni kweli, na nitatoka bila kubisha. Nikamngoja. Kila asubuhi nikimsikia amesimama pale, nikamngoja. Alipokuja kuniambia meza ya pakiti pia ni nzuri, nikasema asante Mungu, basi bado."

Mtu mmoja wa kwaya akaanza kulia kwa sauti. Kavindu hakumjali.

"Mbuzi ni wa kunyamaza kwake," akasema. "Na aingie hapa aniambie mwenyewe kwamba ni wa hilo."

Mwongeli akamshika mumewe mkono, akamsukuma. Mutunga akavua kofia, akainama, akaingia. Kwa mara ya kwanza tangu aoe alimtazama mama mkwe wake usoni. Macho yalikuwa na ukungu mweupe katikati, na hayakumtazama yeye. Yalikuwa yametazama mwimo wa mlango, pembeni kidogo ya mahali aliposimama.

Watu walimngojea. Yeye alikuwa akiizungusha kofia mikononi tu.

"Ameingia?" Kavindu akauliza. "Mbona hasemi?"